Toba Kabla ya Ubatizo



Mara nyingi katekista huulizwa swali hili na wale waliokaribia mwisho wa mafundisho yao: “Ubatizo hufuta dhambi zote. Tena sisi tusiobatizwa bado hatuungami kwa padri. Basi tutubu kwa nini? Si afadhali tungoje maji tu?” Swali hili si la kipumbavu. Maneno yake mawili ya kwanza ni kweli kabisa, ndiyo maana la tatu huwadanganya wengi.

Ni kweli kwamba Ubatizo hufuta dhambi ya asili na dhambi zote alizotenda mtu mwenyewe, hata zile za kutisha, pamoja na adhabu zake zote. Ni kweli pia kwamba mkatekumeni haendi kupokea sakramenti ya Kitubio, kwa sababu Ubatizo ndio mlango wa sakramenti nyingine, wala mtu mwenye adabu hapiti dirishani. Lakini mtoto mchanga na mtu mzima hawaji kwenye maji kwa namna moja. Mtoto hana dhambi yake mwenyewe ya kujutia. Mtu mzima anazo. Na Mungu aliyemwumba mwenye akili na hiari hamwokoi kwa kumvuta kwa kamba kama mbuzi. Siku ya Pentekoste, watu wa Yerusalemu walipomwuliza Mt. Petro wafanye nini, aliwaagiza kwanza watubu, kisha wabatizwe. Na siku ile waliongezeka watu wapata 3,000. Utaratibu ule haujageuka hata leo.

Toba, basi, ni nini? Neno hili limetoka katika lugha ya Kiarabu, na maana yake ya asili ni kurudi. Manabii wa Israeli nao walipowaita watu watubu, waliwaita warudi. Mtu aliyepotea porini hasaidiwi na machozi, hata akilia mpaka jua kuchwa. Asaidiwa akigeuza miguu. Wakristu wa zamani walilionyesha jambo hili kwa mwili. Katika karne ya 4, huko Yerusalemu, wale waliokuja kubatizwa usiku wa Pasaka walisimama wakitazama magharibi, upande wa giza, wakanyosha mkono wakamkataa Shetani kana kwamba yupo mbele yao. Kisha wakageuka, wakatazama mashariki, wakaungama imani yao. Ninyi nanyi mtaulizwa usiku ule kama mnamkataa Shetani na mambo yake yote. Jibu lake ni neno moja au mawili tu. Miezi yote ya mafundisho ni ya kulitayarisha neno hilo lisiwe uwongo.

Wazee husema, majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lakini si kila majuto ni toba. Mwizi akikamatwa hujuta sana, ila ajutia kukamatwa. Tazameni Mitume wawili waliokosa usiku mmoja. Yuda alimtoa Bwana wake kwa vipande 30 vya fedha. Kisha akajuta, akazirudisha fedha, akakiri kwamba amemtoa mtu asiye na hatia. Petro alimkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu. Ukiyapima kwa nje, majuto ya Yuda yaonekana makubwa zaidi, kwani Petro hakurudisha kitu. Lakini Petro alitazamwa na Yesu, naye hakuuepuka uso ule. Yuda alijitazama mwenyewe tu, na wale makuhani waliomfukuza; akakata tamaa, akaenda kujinyonga. (Kanisa halijatangaza kamwe kwamba mtu fulani, hata Yuda, yumo motoni. Hukumu hiyo si kazi yetu.) Asiyetumaini huruma ya Mungu hajarudi bado, amesimama njiani akiitazama dhambi yake.

Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba majuto hutoka mahali pawili. Yako majuto yatokayo katika kumpenda Mungu aliye mwema, nayo huitwa majuto makamilifu. Yako mengine yatokayo katika kuona ubaya wa dhambi au kuogopa moto wa milele. Haya ya pili si makamilifu, lakini ni neema ya Mungu vilevile. Msiyadharau; wengi walianza kwa hofu wakafika kwenye upendo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Yohane Mbatizaji alipohubiri toba kando ya Yordani, watu walimwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waongeze machozi. Mwenye nguo mbili alimwagiza ampe asiye nayo. Watoza ushuru aliwaagiza wasitoze kupita kiasi kilichowekwa, na askari wasinyang’anye watu wala kuwasingizia, bali watosheke na mshahara wao. Kila mmoja aliguswa mahali pake pa dhambi: mfukoni, mikononi, ulimini.

Tuseme mtu mmoja aliiba mbuzi jike miaka mitatu iliyopita. Mbuzi yule amezaa wawili. Sasa mtu huyu ni mkatekumeni, ajua sala zake zote, na wale mbuzi watatu wako zizini kwake. Akibatizwa kwa majuto ya kweli, dhambi ya wizi itafutwa. Je, mbuzi watakuwa wake? La! Maji ya Ubatizo huosha roho. Hayabadilishi mwenye mali. Tena na wale wana wawili ni wa mwenye mbuzi, kwa maana kitu huzaa kwa ajili ya mwenyewe. Anayekusudia moyoni kubaki nao hajatubu, kwa kuwa bado anaiba kila siku jua linapochomoza. Zakayo hakuulizwa na mtu. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya Yesu akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu.

Si lazima kujitangaza kijijini. Waweza kuvirudisha vitu kwa siri, au kwa mkono wa padri au wa mtu mwaminifu. Kinachotakiwa ni kwamba mwenye mali apate mali yake, si kwamba wewe upate aibu.

Lakini wako walioiba kitu kikubwa kuliko mbuzi. Mtoto amekufa kwa homa, na mtu mmoja akasema barazani kwamba bibi kizee fulani ndiye mchawi. Labda alikuwa na huzuni. Labda alikuwa na ugomvi wa shamba. Tangu siku ile hakuna amwitaye mama yule kula, watoto wanamtupia mawe, naye amejenga kibanda peke yake nje ya mji. Mtu aliyesema neno lile sasa ni mkatekumeni. Aliiba jina la mama yule, nalo haliwezi kurudishwa kwa siri usiku kama mbuzi, kwani liliibwa mbele ya watu. Yampasa arudi kwenye baraza lilelile, aseme kwamba hakuona cho chote wala hakujua cho chote, kisha aende kwa yule mama apige magoti. Nadhani hakuna toba iliyo ngumu kuliko hii katika vijiji vyetu, wala iliyo ya haraka kuliko hii. Maana mama yule ni mzee, naye aweza kufa akiwa bado anaitwa mchawi.

Mwenye hirizi na dawa za mganga afanye kama watu wa Efeso, waliovileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma moto mbele ya wote. Thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Bei ilikuwa nzuri, lakini hawakuviuza.

Kuhusu mwenye wake wengi, neno moja tu, kwa maana kila habari ni ya kupelekwa kwa padri. Asidhani kwamba kumfukuza mwanamke na watoto bila kitu ndiyo toba. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaagiza kwamba wale wanaoachwa, na hata mke wa kwanza kama ndiye aliyeachwa, watunziwe mahitaji yao kwa haki na kwa upendo. Kutubu dhambi moja kwa kutenda nyingine si kurudi, ni kugeuza njia ya kupotea.

Wengine husema: “Nitatubu, lakini si mwaka huu.” Kaisari Konstantino alibatizwa mwaka 337, karibu na kufa. Mt. Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alisimulia jinsi alivyomwomba Mungu usafi wa moyo, huku akitamani kwa siri asiupewe upesi. Alibatizwa Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32. Baadaye aliililia ile miaka aliyochelewa. Ndiyo maana Kanisa, katika utaratibu wa watu wazima uliotolewa mwaka 1972, limeweka ibada tatu za kujichunguza kwa wateule, Jumapili ya 3, ya 4 na ya 5 ya Kwaresima: ili kilichofichwa moyoni kionekane na kuponywa kabla ya Pasaka.

Maswali

S. Mwenye mali amekwisha kufa. Nimrudishie nani?
J. Warithi wake. Wasipojulikana kabisa, wape maskini.

S. Sina uwezo wa kulipa yote.
J. Lipa kidogo kidogo, ukikusudia kumaliza. Ukiwa hata kidogo huna, kusudio la kweli latosha mpaka utakapopata.

S. Nikitenda dhambi kubwa baada ya Ubatizo, nitabatizwa tena?
J. La, Ubatizo haurudiwi. Yesu aliwapa Mitume uwezo wa kuondoa dhambi jioni ya siku ile aliyofufuka. Utajuta, utaungama kwa padri, utatimiza malipizi.

S. Nikiugua sana kabla ya Pasaka, na padri yuko mbali?
J. Ita katekista, naye asipopatikana, ita ye yote anayetaka kufanya lifanywalo na Kanisa, hata kama yeye mwenyewe hajabatizwa. Tubu kwa moyo wako wote. Uwaambie jamaa zako mbuzi ni wa nani. Kisha akumwagie maji kichwani na kukubatiza kwa Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.