Kimeng'enya Kinachojenga: Istilahi ya Kiswahili na Kemia ya Pareto ya Kisii na Nyamira

Utangulizi

Istilahi nyingi za sayansi katika Kiswahili huundwa kwa kuzingatia kazi ya kitu kinachopewa jina. Mbinu hii humpa mwanafunzi fununu ya maana hata kabla hajafungua kamusi. Hata hivyo, jina lililotokana na kazi moja laweza kuificha kazi nyingine. Makala haya yanalichunguza suala hilo kupitia istilahi kimeng'enya. Mfano wake ni pareto, zao lililowahi kulimwa kwa wingi katika miinuko ya Kisii na Nyamira.

Umbo na Maana

Nomino kimeng'enya inatokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja chakula tumboni. Lipasi, kimeng'enya cha mafuta, inaafiki maana hiyo vyema. Jina lake halihusiani na kitenzi lipa: shina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mafuta, na mwisho -asi ni alama ya vimeng'enya, kama ilivyo katika amilasi.

Mafuta ya kula ni esta, yaani muungano wa asidi na alkoholi. Lipasi huutengua muungano huo kwa kutumia maji. Lakini mmenyuko huu unaweza kwenda pande mbili. Maji yakiwa mengi, esta huvunjika. Yakiwa haba, asidi na alkoholi huungana, esta ikaundwa na maji yakatolewa. Lipasi yenyewe haichagui upande. Kazi yake ni kuharakisha tu. Mnamo mwaka 1984, Zaks na Klibanov, waliokuwa wakitafiti nchini Marekani, walionyesha kuwa lipasi ya kongosho la nguruwe hufanya kazi ndani ya viyeyushi visivyo na maji ila kidogo sana, hata katika nyuzi 100 za Selsiasi.

Viwanda vimenufaika na sifa hiyo. Lipasi hunatishwa juu ya chembe ndogo za plastiki ili iweze kuchujwa na kutumiwa tena. Kwa njia hii hutengenezwa esta za vipodozi na za ladha, ikiwemo isoamili asetati, esta inayochangia pakubwa harufu ya ndizi mbivu. Joto linalohitajika ni dogo kuliko lile la njia ya asidi kali, na uchafu unaozalishwa hupungua. Vikwazo vikuu ni bei ya kimeng'enya na haja ya kuyaondoa maji kadiri yanavyotokea.

Ushahidi wa Pareto

Ua la pareto hubeba piretrini, kundi la esta sita zinazoua wadudu na kuharibika upesi zikipigwa na jua. Mwaka 2012, watafiti wa Japani walibainisha katika pareto kimeng'enya cha jamii ya lipasi kinachounganisha sehemu ya asidi na sehemu ya alkoholi ili kuunda piretrini. Ndani ya ua, asidi hiyo huwa imebebwa na molekuli nyingine, tofauti na asidi tupu ya kiwandani. Lakini tokeo ni lile lile, esta.

Jambo hili lina uzito kwa mkulima. Malipo ya pareto yalitegemea kiwango cha piretrini katika maua makavu, si uzani pekee. Kwa hivyo, kilichothaminiwa kwenye mizani kilikuwa kazi ya kimeng'enya kinachojenga. Katika miaka ya 2000 wakulima wengi nchini Kenya waliliacha zao hili baada ya malipo kucheleweshwa, na Sheria ya Pareto ya mwaka 2013 ikafungua soko kwa wanunuzi binafsi. Atakayeandika mwongozo wa Kiswahili kwa mkulima anayelirudia zao hili atahitaji istilahi zisizompotosha. Akiambiwa kwamba kimeng'enya ni kivunjaji tu, atadhani kwamba vimeng'enya vya ua ni adui wa piretrini, ilhali kimojawapo ndicho kinachoiunda.

Hitimisho

Je, istilahi hii itupwe? La. Kalamu ilianza kama unyasi uliochongwa, na leo ni ya plastiki bila jina kubadilika. Wala neno kichocheo haliwezi kuchukua nafasi yake: kila kimeng'enya ni kichocheo, lakini si kila kichocheo ni kimeng'enya, na baadhi ya maandishi hulitumia neno hilo kwa maana ya homoni pia. Kinachohitaji kurekebishwa ni fasili. Inapendekezwa kwamba vitabu vya kiada vikieleze kimeng'enya kuwa ni kichocheo cha kibiolojia, aghalabu protini, kinachoharakisha mmenyuko ndani au nje ya kiumbe hai, uwe wa kuvunja au wa kuunganisha. Umbo la neno humwongoza msomaji hadi mlangoni. Fasili ndiyo inayomwingiza ndani.