Usalama wa Safari Fupi

Neno "bodaboda" limezaliwa huku kwetu. Katika miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli hapa Busia waliwapakia wasafiri kutoka forodha ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, wakiita, "Boda! Boda!", yaani mpaka hadi mpaka. Safari yenyewe ilikuwa fupi. Leo pikipiki zimetwaa kazi hiyo, lakini fikira ya safari fupi imebaki.

Mwulize mwanafunzi ye yote kama helmeti ina faida. Atajibu upesi kwamba inayo. Kisha mtazame jioni akirudi nyumbani: wamepanda watatu nyuma ya dereva mmoja, vichwa wazi. Ukimwuliza sababu, atasema, "Ni hapa karibu tu." Basi kosa lake si ujinga, ni kuipima hatari kwa urefu wa njia.

Na tupige hesabu. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akiona ng'ombe barabarani, huenda sekunde nzima ikapita kabla hajashika breki. Mita 17 zimekwisha kwenda. Tena mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huzidi mara nne. Hesabu hiyo haibadiliki, uwe unakwenda Nairobi au dukani.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba, ajali itokeapo, helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini sharti ukanda ufungwe kidevuni. Sheria za Kenya na za Uganda zataka dereva na abiria wote wawili waivae.

Wako wasemao, "Ajali haina kinga." Methali hiyo yafaa kumfariji aliyekwisha kupatwa, haimpi ruhusa mtu asiyetaka kujikinga.

Basi, vijana wenzangu, pandeni mmoja mmoja, fungeni ukanda, wala msione haya kumwambia dereva, "Tafadhali, punguza mwendo," hata akiwa ni mkubwa wenu. Nanyi mliokwisha kumaliza masomo, ambao wengine mna pikipiki zenu, kumbukeni kwamba wadogo zenu huwatazama mpitapo. Mkivaa helmeti kwenda sokoni tu, mmekwisha kuwafundisha.