Vyombo vya Seremala

Butembo ni mji wa milimani. Mvua ni nyingi, na chuma kikilazwa chini hupata kutu upesi. Msumeno ukiharibika, fundi hana kazi, na nyumbani hakuna chakula.

Mafundi wa chukudu huvika magurudumu yake mpira wa matairi ya zamani. Vipande vinavyobaki visitupwe. Pigilia ubao ukutani, kisha ukanda wa mpira juu yake, ukiacha nafasi kati ya msumari na msumari. Humo patasi na nyundo hukaa imara, mbali na watoto wadogo. Misumari itiwe katika makopo matupu, kila ukubwa na kopo lake. Jioni futa msumeno, upake mafuta kidogo.

Maulizo: Kutu huletwa na nini? Kwa nini patasi isilale chini?