Nondo Mwenye Mabawa ya Manyoya

Usiku, taa ikiwashwa nyumbani, wadudu wengi hujikusanya. Wengine huizunguka taa hata wakaungua. Wengine hutua ukutani, wakatulia. Kati ya hawa waliotulia pengine yuko mmoja mwembamba sana. Miguu yake ni mirefu kama nyuzi. Mabawa yake ameyanyosha kuume na kushoto, membamba kama vijiti, hata kwa mbali umbo lake ni la herufi T. Watu wengi hawamtazami mara mbili. Mmoja asema: «Mbu mkubwa huyu!» akampiga kwa kiatu. Mwingine asema: «Ni kipande cha jani kavu, upepo umekileta.» Wote wawili wamekosa. Yeye ni nondo, yaani kipepeo cha usiku, na kwa ajili ya mabawa yake huitwa nondo wa manyoya.

Mbu ana mabawa mawili tu, na mdomo wake ni kama sindano. Nondo wa manyoya ana mabawa manne. Ulimi wake ni laini. Ameuviringisha chini ya kichwa, na akifika penye ua huukunjua, akanyonya maji matamu yaliyomo. Hawezi kutoboa ngozi ya mtu. Hanyonyi damu, wala haleti malaria. Basi mwenye kumwua hakupata faida yo yote, na mbu wa kweli angali akingoja chini ya kitanda.

Ili kuyafahamu mabawa yake, okota unyoya wa kuku. Katikati mna kijiti kigumu, na pande zote mbili za kijiti hicho zimetoka nywele nyingi zilizopangwa karibu karibu. Bawa la nondo huyu limefanyizwa karibu namna hiyo. Vipepeo wengine wana bawa pana lisilopasuka, kama jani zima. Lakini bawa la mbele la nondo wa manyoya limepasuka kuanzia nchani, likawa vipande viwili. Na bawa la nyuma limepasuka karibu mpaka shinani, likawa vipande vitatu. Kila kipande kina nywele ndefu kandokando. Basi upande mmoja wa mwili una manyoya matano, na pande zote mbili zina manyoya kumi.

Je, mabawa yaliyopasuka hivi yawezaje kumchukua hewani? Mvuvi akipasua kasia lake vipande vitano, mtumbwi wake hautakwenda. Hapa nywele zile ndizo zinazofanya kazi. Zinajaza nafasi iliyo katikati ya kipande na kipande, na kwa kiumbe kidogo namna hii hewa haipiti upesi kati ya nywele zilizosongana. Zinaisukuma hewa karibu kama bawa zima. Hata hivyo nondo huyu si hodari wa kuruka. Hupepea polepole karibu na majani, hasa wakati wa magharibi, na mara hutua tena.

Akipumzika, manyoya yake hayaonekani. Huingiza mabawa ya nyuma chini ya yale ya mbele, akayakunja pamoja kama mwavuli uliofungwa. Hana mwiba wala meno ya kujilinda. Mwumba amempa kinga nyingine: umbo la kijiti, na rangi ya majani makavu, au ya majivu, au ya udongo. Wachache ni weupe kabisa. Ndege mwenye njaa apita karibu, aona kijiti kimeshikamana na jani, aenda zake. Nondo hakujificha ndani ya shimo wala chini ya jiwe. Alikuwa peupe mchana kutwa.

Wenye elimu ya wadudu huiita jamaa ya nondo hawa Pterophoridae. Neno hilo limetoka katika Kigiriki, maana yake ni wenye kuchukua manyoya. Lakini wa kwanza kuwapanga vizuri hakuhesabu manyoya, alihesabu vidole. Huyo ni Carl Linnaeus, mtu wa Uswedi. Mwaka 1758 alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake kikubwa cha majina ya viumbe, na humo aliwapa nondo hawa majina yanayoishia kwa neno la Kigiriki la kidole. Mweupe mmoja wa Ulaya alimwita pentadactyla, maana yake mwenye vidole vitano. Hesabu ni sawa: viwili mbele, vitatu nyuma. Mwingine alimwita monodactyla, mwenye kidole kimoja. Jina hili la pili ni la ajabu kidogo, kwa kuwa huyo naye ana manyoya matano kila upande. Lakini akiwa amepumzika, na mabawa yamekunjwa, kila upande waonekana kama kidole kimoja tu.

Tena yuko aliyemwita hexadactyla, mwenye vidole sita. Huyo kila bawa lake limepasuka vipande sita, na kwa kuwa mabawa ni manne, manyoya yote ni 24. Siku hizi amewekwa katika jamaa nyingine, Alucitidae. Hao wa Alucitidae ni rahisi kuwatambua: wakipumzika hawakunji mabawa, huyafungua kama pepeo.

Nondo wa manyoya wanaojulikana ni wa namna zaidi ya 1,000. Wako Afrika, Asia, Ulaya, Amerika na Australia. Katika nchi za barafu za Antaktika tu hawako. Wengi, wakinyosha mabawa, hawapiti santimetri tatu. Tena jamaa hii ina watu wasiofuata desturi: wale waitwao Agdistis hawakupasuka mabawa kamwe, nao wengi hukaa katika nchi kavu na penye udongo wa chumvi karibu na bahari.

Mwenye kutaka kujua mahali wanapokaa asiulize kwanza jina la nchi. Aulize kiwavi hula nini. Maana nondo mkubwa hunyonya maua mbalimbali, lakini kiwavi wake huchagua. Kiwavi wa namna moja hula mmea mmoja, au mimea michache yenye undugu. Pasipo mmea ule, nondo yule hayuko, hata nchi iwe nzuri namna gani. Yule monodactyla na yule mweupe pentadactyla, viwavi wao hula mimea inayotambaa na kujisokota, ndugu za kiazi kitamu. Wengine hula majani, wengine hutoboa mashina au mizizi, wengine hula maua na mbegu.

Mmoja amechagua mahali pa hatari kuliko wote. Katika mabwawa ya nchi nyingi huota mmea mdogo uitwao Drosera. Namna zake ziko hata Katanga, penye mabonde ya maji. Majani yake yana nywele nyekundu, na juu ya kila nywele lipo tone linalong'aa kama umande. Tone hilo ni ulimbo. Inzi akitua, ananaswa kama ndege juu ya ulimbo wa watoto; kisha nywele humwinamia, na jani humla polepole. Lakini huko Florida, katika Marekani, kiwavi wa nondo mmoja wa manyoya hula mmea huo huo. Thomas Eisner na Julian Shepherd walimchungulia na kuandika habari zake mwaka 1965. Waliona kwamba kiwavi hunywa kwanza matone ya ulimbo, moja baada ya moja. Kiisha hula nywele zisizo na ulimbo tena, kisha jani lenyewe. Hata wadudu walionaswa pale hula. Ulaya pia yuko ndugu yake anayeishi juu ya Drosera.

Kwa kuwa kiwavi huchagua hivi, watu walifikiri kumpa kazi. Lantana ni mti mdogo wenye maua ya rangi nyingi na harufu kali. Ulitoka Amerika, watu waliupeleka pande zote za dunia ili kupamba bustani, nao ukatoka bustanini, ukaingia malishoni na mashambani. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Mwaka 1902 wadudu wa namna mbalimbali waliletwa katika visiwa vya Hawaii kutoka Mexico ili waile lantana, na mmoja wao alikuwa nondo mdogo wa manyoya, ambaye viwavi wake hula maua na matunda yake. Leo nondo huyu yuko Afrika pia. Lakini lantana haikushindwa. Maua yaliyobaki yatosha kuzaa mbegu nyingi. Kazi hiyo ilikuwa kubwa mno kwa mdudu mmoja.

Mashambani, kinyume chake, kiwavi mdogo aweza kuleta hasara kubwa. Mbaazi ni chakula cha kutegemewa. Mizizi yake huingia chini sana, hata jua likiwa kali haufi upesi, na maganda yake huvunwa wakati mahindi yamekwisha ghalani. Basi yuko nondo wa manyoya wa rangi ya kahawia, Exelastis atomosa, ambaye mbaazi ni nyumba yake. Jike huweka mayai mojamoja juu ya vichipukizi vya maua na maganda machanga. Kiwavi akitoka hula maua kwanza. Akikua kidogo, hukwangua ngozi ya ganda, kisha hutoboa tundu. Tena hafanyi kama viwavi wengine wanaoingia wakajifungia ndani. Huyu huingiza kichwa tu, akala mbegu, na mwili wake umebaki nje. Akimaliza mbegu hiyo hutoboa mahali pengine.

Ndiyo sababu mama aliyevuna kikapu kizima cha maganda aweza kuketi jioni kuyabambua, akakuta ganda moja lina mbegu mbili nzima na nyingine zimebaki maganda matupu. Kikapu kilikuwa kizito machoni, na chungu hakikujaa. Watoto nao wanalala na njaa kidogo.

Kiwavi huyu ana rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na nywele fupi mwili mzima. Urefu wake hupita santimetri moja kidogo. Akiisha kushiba hageuki ndani ya udongo kama viwavi wengi. Hujishikamanisha na ganda lenyewe, akakauka, naye angali na nywele. Asiyemjua hudhani ni uchafu. Baada ya siku chache ngozi hupasuka, akatoka nondo mwembamba mwenye manyoya kumi, akayanyosha kuume na kushoto.

Kwa kuwa mwili wake unabaki nje ya ganda, mikono ya watoto yaweza kumkamata, na katika shamba dogo kazi hiyo hufanyika vizuri. Mtu hupita mbaazi kwa mbaazi, tangu maua yanapoanza kufunguka, akatazama maganda pande zote mbili. Viwavi huokotwa na kupondwa, pamoja na vile vilivyokauka juu ya maganda. Lakini kiwavi aliyebeba vifuko vidogo vyeupe mgongoni huachwa. Nyigu wadogo sana wametaga mayai mwilini mwake, na watoto wao wamekwisha kumla ndani. Nyigu hao wakitoka watatafuta viwavi wengine.

MAULIZO

1. Kwa nini watu hudhani nondo wa manyoya ni mbu? Taja mambo mawili yanayowatenga.
2. Hesabu manyoya ya nondo huyu upande mmoja, kisha pande zote mbili.
3. Kiwavi wa Florida hufanya nini kwanza ili ulimbo usimnase?
4. Kwa nini lantana haikwisha huko Hawaii?
5. Kazi ya nyumbani: Tazama maganda kumi ya mbaazi au ya kunde. Andika ni mangapi yenye tundu, na ulichokiona ndani yake.