Upinde, Mshale na Ayala: Masomo ya Ishi kwa Daktari Pope

Upinde ni mojawapo ya mashine za kale zilizobuniwa na binadamu. Mpiga upinde huuvuta polepole kwa misuli yake, na upinde huiweka nguvu hiyo katika mti uliopindwa, kisha huitoa yote kwa mara moja. Kwa hiyo kazi ambayo mkono hauwezi kuifanya ghafla, upinde huifanya. Lakini mashine hii haimfai mtu asiyejua mambo mawili: namna ya kuitengeneza na kuitumia, na namna ya kumkaribia mnyama anayewindwa. Elimu ya kwanza yaweza kufundishwa uani. Elimu ya pili hufundishwa porini tu.

Makala haya yaeleza jinsi elimu hizo mbili zilivyounganishwa na watu wachache huko California, Marekani, kati ya mwaka 1912 na 1916, na kanuni za sayansi zilizomo ndani yake.

MWALIMU NA MWANAFUNZI

Tarehe 29 Agosti 1911, mtu mmoja aliyedhoofika kwa njaa alionekana katika machinjio karibu na mji wa Oroville. Nywele zake zilikuwa zimeunguzwa kwa moto, kama ilivyo ada ya kwao mtu akifiwa. Alikuwa wa mwisho wa Wayahi, tawi la watu waitwao Wayana. Baada ya wachimba dhahabu na walowezi kuingia California kuanzia mwaka 1848, Wayahi waliuawa kwa bunduki, kwa njaa na kwa maradhi, na wachache waliosalia walijificha katika mabonde ya mito ya Mill Creek na Deer Creek kwa miaka mingi. Jina lake halisi hakulitaja kamwe, kwa kuwa mila ilimkataza. Akaitwa Ishi, neno ambalo kwa lugha yake maana yake ni "mtu".

Wataalamu wawili wa elimu ya binadamu, Alfred Kroeber na T. T. Waterman, walimchukua akaishi katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco. Jirani na jumba hilo palikuwa na hospitali, na humo alifanya kazi daktari mpasuaji aliyeitwa Saxton Pope. Daktari alimtibu Ishi alipougua. Naye Ishi akamfundisha daktari kazi ya upinde. Urafiki wao ulianza hivyo, kila mmoja akiwa mwanafunzi wa mwenziwe.

SOMO LA KWANZA: UPINDE

Ishi alipenda upinde wa mti wa junipa, ambao ni wa jamii moja na mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita moja na kidogo, na kuuvuta kulihitaji nguvu iliyo sawa na kuinua mzigo wa kilo 18 hivi. Mgongo wa upinde, yaani upande unaomwelekea mnyama, aliufunika kwa kano za ayala zilizotafunwa mpaka zikalainika, akazigandisha kwa gundi iliyopatikana kwa kuchemsha ngozi za samaki.

Kwa nini kano? Upinde unapovutwa, mgongo wake hunyoshwa na tumbo lake hubanwa. Mti huanza kupasuka kwenye mgongo, mahali panaponyoshwa. Kano hustahimili kunyoshwa kuliko mti. Basi kila kitu kimewekwa mahali pa kazi yake: kano upande wa kunyoshwa, mti upande wa kubanwa. Kwa njia hiyo upinde mfupi waweza kuvutwa sana bila kuvunjika, na upinde mfupi ndio unaomfaa mtu anayetambaa vichakani.

Ishi hakuacha kamwe upinde ukiwa umetiwa upote wakati wa mapumziko. Mti uliopindwa kwa muda mrefu huzoea umbo hilo na kupoteza nguvu zake.

SOMO LA PILI: MSHALE

Uti wa mshale ulinyoshwa kwa kupashwa moto na kukunjwa kwa mikono. Mbele yake kilichomekwa kipande kifupi cha mti mgumu na mzito zaidi, na nyuma yalifungwa manyoya matatu kwa kano. Uzito wa mbele huvuta kitovu cha uzani kuelekea ncha. Manyoya ya nyuma hushikwa na hewa. Mkia ukijaribu kwenda upande, hewa huurudisha. Kwa sababu hiyo mshale huruka ukitanguliza ncha.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mshale haupiti katikati ya upinde bali ubavuni mwake. Upote unapousukuma, mshale hupindika kidogo, huuzunguka upinde kama samaki apitaye kando ya jiwe, kisha hunyoka. Mshale mgumu mno au mlaini mno kwa upinde wake huenda upande, hata kama mpigaji amelenga vyema. Kwa hiyo mishale huchaguliwa kufuatana na upinde.

Vyembe vya mishale Ishi alivichonga kwa obsidiani, yaani kioo cha asili kinachotokana na volkano. Aliubana ukingo wa jiwe kwa ncha ya pembe ya ayala, na vipande vyembamba vikabanduka kimoja kimoja. Daktari Pope alitaka kujua kama chembe cha jiwe chaweza kulinganishwa na cha chuma. Alichukua sanduku, akalijaza maini ya ng'ombe, akalifunika pande mbili kwa ngozi ya ayala, akalipiga. Chembe cha chuma kilizama inchi 22. Cha obsidiani kilizama inchi 30. Makali ya kioo ni membamba kuliko ya chuma kilichonolewa kwa kawaida. Upungufu wake ni kwamba kikigonga mfupa huvunjika.

SOMO LA TATU: KUMKARIBIA MNYAMA

Katika kulenga shabaha ya mbali, mwanafunzi hatimaye alimshinda mwalimu wake. Lakini mawindoni mambo yalikuwa kinyume, kwa maana Ishi hakujifunza kupiga mbali. Alijifunza kufika karibu.

Kabla ya kuwinda alioga, akasafisha kinywa, akaacha tumbaku na chakula, akajisugua kwa majani yenye harufu ya porini. Alitembea akiwa upepo wamjia usoni, asitie mguu mahali asipopatazama. Alijua kuweka jani midomoni na kulia kama mtoto wa ayala, hata mama yake akaja kutazama. Siku nyingine alijificha nyuma ya jiwe na kungoja kwa saa nyingi kando ya njia ya wanyama.

Hapa inafaa kueleza mnyama mwenyewe. Ayala si swala, ingawa wafanana kwa umbo. Pembe za swala ni ala ngumu iliyovikwa juu ya mfupa, nazo hudumu maisha yote. Pembe za ayala ni mfupa mtupu. Dume huziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine. Hakuna ayala wa asili kusini mwa Sahara. Wale wa Deer Creek ni ayala wenye mikia myeusi, wanyama wenye masikio makubwa na pua kali.

HESABU YA UMBALI

Kwa nini kukaribia ni muhimu hivyo? Tuchukue mfano wa upinde unaohitaji nguvu ya nyutoni 180, ambao upote wake huvutwa nusu mita kutoka mahali pake. Nguvu huanza sifuri na kuongezeka mpaka 180. Wastani wake ni 90. Basi nishati inayowekwa ni 90 × 0.5, yaani jouli 45. Sehemu yake hupotea katika kuzisogeza ncha za upinde na upote wenyewe. Tuseme mshale hupata jouli 30. Mshale wa gramu 30 wenye nishati hiyo huenda kwa mwendo wa mita 45 hivi kwa sekunde.

Ayala akiwa mita 30, mshale huchukua sekunde 0.67 kumfikia. Sauti ya upote humfikia kwa sekunde 0.09. Mnyama basi amesikia, naye ana zaidi ya nusu sekunde ya kuruka. Katika muda huohuo mvutano wa dunia huushusha mshale mita 2.2 chini ya mstari ulioelekezwa, na mpigaji akikosea kukisia umbali atakosa.

Ayala akiwa mita 15, muda ni sekunde 0.33, na mshale hushuka sentimita 54 tu. Umbali umepungua nusu, lakini mshuko umepungua mara nne. Hatua kumi na tano za kunyatia zina faida kuliko upinde wenye nguvu zaidi.

Tena mshale hauui kama risasi. Jouli 30 ni kidogo mno. Risasi ya bunduki ya kuwindia huwa na maelfu. Mshale huua kwa kukata mishipa na mapafu, damu ikatoka. Ukipiga paja au tumbo, mnyama hukimbia na jeraha na kufa kwa mateso mbali. Kwa sababu hiyo mwindaji mstahiki huacha mshale podoni asipokuwa na hakika. Kujizuia nako ni sehemu ya somo.

SAFARI YA 1914

Mwezi Mei 1914, Kroeber, Waterman na Pope walisafiri pamoja na Ishi kwenda Deer Creek. Mtoto wa daktari, mwenye umri wa miaka 11, alifuatana nao. Mwanzoni Ishi hakuipenda safari hiyo. Kule hakukuwa na nyumba wala vitanda, na kila bonde lilikuwa na kumbukumbu ya jamaa zake waliokufa. Lakini alipofika alikuwa mwenyeji, na wenzake wakawa wageni.

Kwa majuma kadhaa waliogelea, walivua samaki na kuwinda kwa upinde. Ishi aliwaonyesha mahali pa kujificha wawindaji, njia za ayala na maficho ya watu wake. Wataalamu waliandika majina ya mimea na matumizi yake, wakachora ramani ya nchi kama alivyoijua yeye. Mambo ambayo katika jumba la makumbusho yalikuwa maneno, pale yalionekana kwa macho: mti wa upinde ukiwa umesimama, jiwe alilojificha mwindaji, upepo unaogeuka jioni bondeni. Marafiki walijifunza kwamba upinde hauwezi kueleweka peke yake, mbali na nchi yake.

MWISHO WA MWALIMU

Ishi alifariki tarehe 25 Machi 1916 kwa kifua kikuu, maradhi ambayo watu wake hawakuwa na kinga nayo. Kroeber, akiwa mbali, alikuwa ameandika kupinga mwili wake usipasuliwe. Barua yake ilichelewa. Ubongo wake ulitolewa na mwaka 1917 ukapelekwa katika taasisi ya Smithsonian, ambako ulikaa hadi mwaka 2000, uliporudishwa kwa watu wenye nasaba na Wayana ili uzikwe. Yafaa jambo hili likumbukwe kila masomo ya Ishi yanaposimuliwa: wale waliopokea elimu yake kwa upendo walishindwa kulinda heshima ya mwili wake.

Pope alichapisha taarifa juu ya upinde wa Wayahi mwaka 1918, na kitabu cha kuwinda kwa upinde mwaka 1923. Mwaka 1925, yeye na rafiki yake Arthur Young walifika Tanganyika pamoja na mwandishi Stewart Edward White kuwinda simba kwa mishale. Elimu ya mtu mmoja aliyejificha bondeni ilikuwa imevuka bahari.

UPINDE WA KWETU

Tanganyika waliyoifikia haikuwa ngeni kwa upinde. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wanautumia hadi leo. Nchini Kenya, Wawaata wa nyika ya Tsavo walikuwa maarufu kwa pinde nzito walizowindia tembo, wakipaka mishale sumu ya msunguti, ambayo husimamisha moyo. Obsidiani nayo hupatikana kwa wingi karibu na Naivasha. Na huko Olorgesailie zimepatikana zana za jiwe hilo za yapata miaka 300,000 iliyopita, zikiwa zimeletwa kutoka mbali. Sheria za leo zimebadili mambo: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huuruhusu kwa masharti na vibali. Lakini sheria haikatazi kuuliza na kuandika. Mzee ajuaye kuchagua mti, kutengeneza kano na kusoma nyayo ni maktaba. Na Ishi ametufundisha kwamba maktaba ya namna hiyo hufungwa kwa siku moja.

JARIBIO

Twaa ufito mbichi wa urefu wa mita moja na unene wa kidole. Ufunge kamba uwe upinde, kisha utundike kwenye msumari kwa katikati yake, kamba ikiwa chini. Ning'iniza ndoo ndogo katikati ya kamba. Tia maji nusu lita baada ya nusu lita (lita moja ya maji ni kilo moja), na kila mara upime kamba imeshuka sentimita ngapi. Usisahau uzito wa ndoo. Chora grafu ya uzito na mshuko. Eneo lililo chini ya mstari ndilo nishati iliyowekwa katika ufito.

Tahadhari: usiuvute upinde na kuuachia bila mshale. Nishati isiyokuwa na mshale wa kuichukua huurudia mti wenyewe na waweza kuupasua.

MASWALI

1. Kwa nini kano huwekwa mgongoni mwa upinde na si tumboni?
2. Mshale wa mwendo wa mita 45 kwa sekunde utashuka kiasi gani katika umbali wa mita 20?
3. Katika mtaa au kijiji chako, ni nani ajuaye kutengeneza upinde, na elimu yake imeandikwa wapi?