Kushuka Bonde la Kerio ni rahisi, kurudi ndiyo shughuli

Huenda nawe ni miongoni mwa wale ambao daktari amewashauri kupunguza uzani, ukaamua kwamba mazoezi hayo ni afadhali uyafanye mahali penye hewa safi kuliko kando ya barabara yenye moshi wa matatu. Wakazi wengi wa mijini siku hizi hufunga safari mwishoni mwa wiki kwenda kutembea au kuendesha baiskeli mashambani. Mji mmoja ambao huwavutia sana ni Iten, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, karibu mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Eldoret.

Iten ni mji mdogo lakini jina lake linajulikana duniani kote kwa sababu ya wanariadha. Uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa genge la Elgeyo. Ukisimama ukingoni unaliona Bonde la Kerio lote likiwa limetandazwa chini yako, na ng'ambo ya pili milima ya Tugen. Hakuna anayesimama hapo asitamani kushuka. Na hapo ndipo matatizo huanzia.

Fikiria mtu anayepanda mlima Longonot au vilima vya Ngong. Huyo huanza kwa kupanda, na akichoka hugeuka, kwa kuwa kurudi kwake ni kuteremka. Iten mambo ni kinyume. Unaanza safari ukiwa na nguvu, jua halijawaka, na njia inakuvuta chini bila jasho. Kazi yote unaiacha nyuma yako. Unapofika chini umechoka, maji yamekwisha, ni saa saba mchana, nawe bado hujaanza kupanda.

Mwandishi wa makala haya aliyajua hayo kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na mwenzangu wa kazini, mwanamume wa miaka 46 anayetumia dawa za presha. Tulianza kushuka saa nne asubuhi, kila mmoja na chupa ndogo ya maji. Tulicheka na kupiga picha njia nzima. Tulipokuwa tukirudi, mwenzangu alianza kusimama kila baada ya hatua ishirini. Kisha akaniuliza gari tumeliegesha wapi, ilhali tulikuwa tumekuja kwa matatu. Nilidhani anafanya mzaha. Mama mmoja aliyekuwa akipanda na mzigo wa kuni mgongoni ndiye aliyetambua hatari. "Wanangu, ketini kivulini," alisema, akatua mzigo wake, akammwagia maji kichwani na shingoni kutoka kwa kibuyu chake na kuanza kumpepea kwa leso. Kijana alitumwa kuita pikipiki. Mama huyo alikuwa na umri wa kutuzaa sote wawili na hakuwa akihema.

MWILI UNAPATWA NA NINI?

Mambo matatu hukutana katika mteremko huu.

La kwanza ni hewa. Katika mwinuko wa mita 2,400, kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ile ya Mombasa. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kuziba pengo hilo. Mkazi wa Nairobi amekwisha kuzoea kwa kiasi fulani, kwa kuwa jiji lenyewe liko juu. Anayetoka Pwani au kando ya Ziwa Victoria atahisi tofauti hata akipanda ngazi za hoteli. Kuumwa na kichwa kidogo na kukosa usingizi usiku wa kwanza si ajabu. Siku ya kwanza basi iwe ya kupumzika na kutembea polepole mjini.

La pili ni joto. Kwa kawaida, kila ukishuka mita 1,000 joto huongezeka kwa digrii sita hivi. Chini kabisa karibu na mto Kerio umeshuka zaidi ya mita 1,000, kwa hivyo ile sweta uliyoivaa asubuhi huko juu haina maana tena. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho ni maji na chumvi. Vikipungua, damu inayozunguka hupungua, moyo huenda mbio na ubongo hukosa utulivu. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na hizo humaliza maji ya mwili upesi zaidi. Usiache dawa zako kwa sababu ya matembezi. Mwone daktari kabla ya safari akueleze utakavyozitumia siku hiyo. Vivyo hivyo kwa wenye kisukari, pumu na maradhi ya moyo.

La tatu, ambalo wengi hawalijui, ni misuli. Watu hudhani kushuka ni kupumzika. La. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi kama breki: inakaza huku inavutwa. Kazi ya namna hiyo huumiza nyuzi za misuli kuliko kupanda. Ndiyo maana mtu hufika chini magoti yakitetemeka, na miguu hiyo hiyo ndiyo anayotarajia imrudishe juu.

PIMA NJIA KWA SAA, USIPIME KWA KILOMITA

Ramani ikikuonyesha kilomita sita usidanganyike. Mtu wa ofisini mwenye afya ya kawaida hupanda karibu mita 300 kwa saa kwenye njia kali. Kutoka sakafu ya bonde hadi Iten ni saa nne hivi za kupanda, bila kuhesabu mapumziko. Kanuni nyepesi ni hii: kila saa moja uliyoshuka, tenga saa mbili za kurudi. Ukianza saa moja asubuhi na unataka kuwa juu kabla ya saa saba, basi saa tatu asubuhi ugeuke, popote utakapokuwa, hata kama mto unauona pale karibu. Huo mto haujapata kuwa karibu kama unavyoonekana.

Kwa wanaoanza, mpaka wenu uwe Kessup. Kijiji hicho kiko kwenye kipande cha ardhi tambarare kilichojibanza kati ya genge la juu na mteremko wa chini. Vijia vya kwenda huko ni vya wakulima na mifugo, havina vibao, na vinagawanyika mara nyingi. Mchukue kijana wa hapo akuongoze na umlipe vizuri. Usione haya kumwuliza kila unayekutana naye. Msalimie kwanza "Chamgei", na utaona jinsi watu walivyo wakarimu. Huko chini kuna maporomoko ya maji ya Torok, na mawe yaliyo karibu nayo yana utelezi.

Anayetaka kufika chini kabisa ana njia moja ya busara: ashuke kwa miguu na arudi kwa gari. Barabara ya lami itokayo Iten hupita Tambach na Biretwo, ikavuka mto Kerio na kuelekea Kabarnet. Matatu na pikipiki hupita. Hakuna atakayekucheka, na kama yupo, mwache apande yeye kwa miguu. Hata hivyo, kabla ya kushuka waulize wenyeji hali ya usalama. Sehemu kadhaa za bonde hili zimekuwa na visa vya wizi wa mifugo na mashambulizi. Msimu wa mvua pia uliza kuhusu maporomoko ya ardhi.

Kuhusu maji, beba nusu lita kwa kila saa utakayokuwa njiani, na zaidi ukienda bondeni. Unywe kidogo kidogo. Lakini kunywa maji matupu kwa wingi mno huku ukitokwa na jasho jingi nako kuna madhara, kwa kuwa chumvi ya damu hupungua. Beba njugu zenye chumvi na ndizi. Unaweza pia kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kipimo cha chumvi usikizidishe.

Mwendo wako ujulikane kwa mdomo. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, huo ni mwendo wa kufaa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Maumivu au kubanwa kifuani, au maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono, ni amri ya kusimama na kutafuta daktari mara moja.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na misuli kukaza. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuyumba kama mlevi, hiyo ni dharura hata kama bado anatokwa na jasho. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kukoma huku wengine wakitafuta gari. Usimlazimishe kunywa kama fahamu zimepungua. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Iten, yaani juu, nawe uko chini. Sababu nyingine hiyo ya kutosubiri.

WENYE BAISKELI

Wanaoendesha baiskeli nawaomba waanze na barabara za udongo mwekundu zilizo juu, upande wa msitu wa Singore. Zina vilima vya wastani na magari machache. Asubuhi na mapema utawakuta wanariadha wakikimbia kwa makundi. Wapishe, kwani hapo ni kazini kwao.

Barabara ya kushuka Tambach ina kona kali na malori. Kosa la mgeni ni kushika breki mfululizo tangu juu. Breki hupata moto na kupoteza nguvu, nawe unaihitaji zaidi kwenye kona inayofuata. Punguza mwendo kabla ya kona, achia, shika tena, ukitumia breki zote mbili. Simama mara kwa mara upumzishe mikono. Vaa kofia ngumu ya baiskeli, tena ifungwe kidevuni, si kuning'inizwa kwenye usukani kama wafanyavyo wengine. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na ni heri ushuke usukume.

Jambo dogo la kuongeza: jua la mwinuko huu huunguza ngozi hata kukiwa na baridi, kwa hivyo kofia pana ni muhimu. Na ukilala bondeni tumia neti. Kutokuona mbu wengi Iten kusikufanye usahau malaria ya huko chini.

KUJITAYARISHA UKIWA MJINI

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Anza na hizo, wiki sita kabla ya safari. Ukiwa na jengo lenye ghorofa, acha lifti. Wengi hupanda ngazi kwa miguu wakashuka kwa lifti. Kwa safari hii ni kushuka ndiko kutakakokufaa zaidi, maana ndiko kunakoizoesha misuli ile kazi ya breki. Viatu navyo uvivae wiki kadhaa mapema. Viatu vipya siku ya safari ni malengelenge. Kata kucha za vidole vya miguu, kwani wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu.

Ukirudi nyumbani, usishangae kwamba maumivu ya mapaja hayaji siku ile ile. Huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na Jumatatu utazishuka ngazi za ofisi kinyumenyume. Hayo huisha yenyewe. Tembea kidogo kidogo, kunywa maji, lala vya kutosha. Lakini ukiona mkojo wako umegeuka rangi kama soda nyeusi, na misuli imevimba na kulegea, usingoje kesho. Hiyo ni ishara kwamba misuli iliyoharibika inamwaga sumu kwenye damu na figo zinaweza kuziba. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na umweleze daktari ulikotoka kutembea.