Hadhari ya Kiduha: Maelezo kwa Wakulima wa Nyalikungu

Kijitabu hiki kimepigwa chapa kwa sababu ya malalamiko ya wakulima wa Nyalikungu na kata jirani za Wilaya ya Maswa, ambao mahindi na mtama wao hudumaa na kunyauka ilhali udongo una unyevu na jirani amevuna. Na kwa kuwa baadhi yao wamesadiki kwamba shamba limerogwa, na wengine wamemtuhumu aliyewauzia mbegu, imetulazimu kumtaja adui mwenyewe, naye ni lile ua la zambarau lichanualo baina ya mistari ya mazao, liitwalo kiduha.

Uzuri wake usikughuri. Mbegu ya kiduha, ndogo mithili ya vumbi, hulala udongoni hata inapopata dawa itokayo katika mizizi ya nafaka, ndipo huota, ikajipachika kwenye mzizi na kuunyonya maji na chakula. Hivyo siku unapokiona kimechomoza, madhara makubwa yamekwisha tendeka chini ya ardhi. Mche mmoja huweza kuzaa mbegu zaidi ya 50,000, nazo huweza kudumu udongoni zaidi ya miaka 10. Mwaka 1956, kiduha chekundu kilipogunduliwa katika majimbo ya Carolina huko Marekani, serikali ya huko iliyaweka mashamba chini ya karantini. Sisi tunakipita tukienda kisimani.

Basi sikilizeni: kiduha king'olewe kabla hakijachanua, na kilichokwisha chanua kichomwe moto. Tumelisema hili mikutanoni, tunalisema hapa, na tutalisema tena, maana ndilo linalopuuzwa. Mtu huking'oa akakitupa mpakani, asijue kwamba mche wenye maua huweza kukomaza mbegu hata ukiwa umelazwa juani. Mwingine humpa ng'ombe, mbegu zikapita tumboni zingali hai, zikarejea shambani pamoja na samadi. Wala palizi ya mapema haitoshi, kwa kuwa kiduha aghalabu huchomoza mkulima akiwa amekwisha weka jembe chini. Rudini shambani, na kichomeni moto.

Pamba, ambayo wilaya hii inaifahamu vema, ni silaha tuliyo nayo mikononi: mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha, kisha mbegu ikakosa wa kumnyonya, ikafa. Kunde na karanga hufanya vivyo hivyo. Anayepanda mahindi juu ya mahindi kila mwaka anakifuga kiduha kwa hiari yake. Tunajivunia pia kwamba tangu mwaka 2002 nchi yetu ina mbegu za mtama ziitwazo Hakika na Wahi, zinazostahimili kiduha, nasi hatujachoka kuzihimiza.

Kwa kuwa kiduha hupenda ardhi iliyochoka, samadi na mbolea husaidia. Mbolea ya ruzuku ni kwa mkulima aliyeandikishwa, na taratibu zake ataelezwa na mtendaji wa kijiji.

Atakayekiona kiduha asikichume akakileta ofisini kwetu kama ushahidi, kwani njia nzima atakuwa anapanda mbegu. Amwite bwana shamba aende kukitazama pale pale kilipo, na kabla ya kutoka shambani wote wawili wakung'ute nguo, viatu na majembe.